Waya za Sauti

Yule aliyefuta sauti ya baba yangu alinikaribisha kwa soda. Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu kila nikisimulia habari hii watu hudhani niliangukia mikononi mwa mtu mbaya. Hakuwa mbaya. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye kompyuta mbili na feni moja katika chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga pale Matisi, mjini Kitale, milango mitatu kutoka ilipokuwa cherehani yangu. Tulikuwa tukiitana fundi. Yeye fundi wa video, mimi fundi wa nguo. Mapazia ya studio yake nilimshonea mimi. Na huo upole wake ndio ulionichemsha zaidi, maana mtu mkali unaweza kumkabili kwa ukali wako, lakini huyu unamfokea naye anakufungulia soda ya pili.

Nilimpelekea kaseti moja tu. Ilikuwa kaseti kubwa nyeusi ya deki ya video, yenye karatasi iliyoanza kubanduka ubavuni, na ndani yake ilikuwa sherehe tuliyomfanyia baba alipostaafu ualimu. Baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, na siku ile kule kwetu Naitiri palichinjwa ng'ombe, pakasimamishwa mahema mawili, kwaya ya kanisa ikaimba mpaka wenyewe wakachoka. Alikodiwa pia mpiga video kutoka Sirisia. Alikuwa na kamera inayotumia kaseti ndogo kuliko kipande cha sabuni, na baada ya wiki mbili alituletea ile kaseti kubwa, nakala ya ile ndogo.

Watu waliposhiba nyama, baba alichukua kipaza sauti. Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa yangu, mwaka haujaisha, na watoto wawili na sanduku moja. Wake za ndugu zangu walikuwa wameanza kunitupia jicho kila nikienda kisimani. Baba alijua. Hakuniita pembeni kuniambia pole. Alisubiri siku ambayo ukoo mzima umekaa chini ya hema na mdomo umejaa nyama, akasema shamba la chini, kutoka kwenye ua wa mkonge hadi mtoni, ni langu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya hema la pili, nimebeba beseni la vikombe. Nilisikia kwa masikio yangu haya.

Baba alifariki miaka kadhaa baadaye. Kwa muda niliendelea kulima kule chini, maharagwe na mboga ya sukuma, kila Jumamosi nikitoka Kitale. Kisha msimu mmoja nikafika nikakuta trekta imepita. Maharagwe yangu yaliyokuwa yameanza kutoa maua yalikuwa yamegeuzwa na kufukiwa, na kaka yangu mkubwa amesimama kwenye ua wa mkonge na mfuko wa mbegu za mahindi.

"Nani alikuambia hapa ni kwako?" akaniuliza.

"Baba."

"Baba alisema atakusaidia. Kusaidia ni kusaidia, si kupatia mtu shamba. Wewe una kwako. Rudi kwa bwana yako."

Nilimrukia. Sioni aibu kusema. Mfuko wa mbegu ulipasuka na mimi ndiye niliyeupasua. Watu walitutenganisha, na mwezi ule ule wazee wa ukoo wakakaa na naibu wa chifu kusikiliza maneno yetu. Waliuliza nani alikuwa kwenye sherehe na nani alisikia nini. Ungeshangaa. Watu waliokula ng'ombe wa baba yangu mpaka wakalegeza mikanda hawakukumbuka hata neno moja. Mmoja alikuwa amekwenda haja. Mwingine alikuwa amekaa karibu na spika, eti sauti ilikuwa kubwa mno hakusikia vizuri. Kisha wakamuuliza mama. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anajitazama vidole.

"Mimi nilikuwa jikoni," akasema. "Sikusikia kitu."

Nilimwamini. Hiyo ndiyo sehemu inayonikera mpaka leo, kwamba nilimwamini. Siku ya sherehe mama yuko jikoni, wapi tena? Nikawaambia wazee kuna video. Wakatazamana, na yule mkubwa wao akasema, "Lete hiyo video tuone. Tunakupatia wiki mbili." Kaka yangu alicheka kidogo, kwa sababu alijua Naitiri nzima hakuna deki inayofanya kazi. Miaka hiyo ya elfu mbili deki zilikuwa zimekufa zote, zimewekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa kama marehemu. Kila mtu alikuwa na mashine ya CD. Naibu wa chifu alikuwa nayo pia. Kwa hiyo lililobaki lilikuwa kuitoa ile sherehe kwenye kaseti na kuitia kwenye CD, na fundi wa kazi hiyo alikuwa jirani yangu.

Alinieleza kazi yenyewe vizuri. Kaseti ya saa tatu huchukua saa tatu kuingia, kompyuta haiwezi kuharakisha, inabidi inywe polepole kama deki inavyocheza. Nikamwambia hakuna haraka, nina wiki mbili. Sikumwambia kuna kesi ya shamba. Nilimwambia tu ni video ya baba, aitunze. Nikarudi kwenye sare zangu za shule nikiwa na amani.

Siku ya pili jioni akaniita. CD ilikuwa tayari, ina hata jalada: uso wa baba katikati ya kopa la waridi, kama bwana harusi. Hapo ndipo nilipowekewa soda. Akabonyeza, na herufi za dhahabu zikaja zikizunguka, njiwa wawili wakapita, na mahema yetu yakatokea. Nilimwona baba akisimama. Nilimwona akirekebisha koti. Akapokea kipaza sauti, akakipuliza mara mbili kama alivyofanya shuleni, akafungua mdomo, na kwaya ikatoka.

Haikuwa hata kwaya yetu. Ilikuwa ya wanawake watupu, na kinanda nyuma, na baba yangu anapanua na kufumba mdomo huku wanawake wasiomjua wakiimba habari za mbinguni.

"Fundi, punguza huo wimbo," nikasema. "Niongezee sauti ya mzee."

"Gani?"

"Sauti ya mzee. Si unaona anaongea?"

"Aah, hiyo tunatoanga, fundi. Watu hawapendi hotuba, bana. Mtu akinunua CD anataka kuona watu na kusikia wimbo mzuri. Huo ndio mpya, hata kwa harusi nawekanga huo."

"Iko wapi?"

Akanionyesha nyuma ya deki. Kulikuwa na waya ya njano iliyokwenda kwenye kompyuta, hiyo ni ya picha. Nyingine mbili, nyeupe na nyekundu, zilikuwa zimekunjwa na kutundikwa kwenye msumari ukutani. Zilikuwa na vumbi.

"Hizo ndizo za sauti," akasema bila wasiwasi wowote. "Sijaziingiza tangu nifungue studio. Hakuna mtu ameitisha."

Damu ilinipanda kichwani nikaona feni ikizunguka mara mbili. Nilijizuia. Nikamwambia basi airudishe kaseti kwenye deki, aingize waya zote tatu, na tungoje saa tatu zingine, nitakaa hapo hapo. Akajikuna shingo. Akatazama mlango. Kulikuwa na mzee mmoja, akasema, mteja wake wa zamani, bado anatumia deki na hataki kusikia habari ya CD. Mzee huyo alitaka harusi ya bintiye kwenye kaseti, na kaseti mpya siku hizi huzipati mjini, umalize maduka yote ya Wahindi.

"Sasa?"

"Sasa si nilijua ukipata CD hutataka kaseti? Hakuna mtu hurudianga kaseti, fundi. Zinajaa hapa tu. Kwa hivyo nilirekodi juu yake."

Nilimwaga ile soda sakafuni. Si kwa bahati mbaya. Niliinua chupa nikaigeuza na kuitazama ikiisha, karibu na waya zake, na nilisema maneno ambayo mama wa watoto hapaswi kusema mlango ukiwa wazi. Nilimwita mwuaji. Nilimwambia amemzika baba yangu mara ya pili, na mara hii akiwa hai mdomo wazi. Yeye alichukua kitambaa akapangusa sakafu, akasema, "Pole sana fundi, wallahi sikujua." Hakuwa hata Mwislamu.

Usiku sikulala, na asubuhi hasira ilikuwa imekua badala ya kupungua, kwa sababu nilianza kuona ukubwa wake. Haikuwa kaseti yangu peke yake. Niliwaza nyumba zote, kuanzia Kitale kushuka hadi Bungoma, ambazo zimetia harusi na mazishi na sherehe zao kwenye CD. Mapadri wanafungisha ndoa kwa kinanda. Mashangazi wanasema waliyoyaweka moyoni miaka kumi, na juu yao kuna wimbo ule ule mmoja. Mabibi harusi wanasema ndiyo na hakuna ajuaye kama walisema ndiyo. Na hakuna aliyelalamika! Hilo ndilo lililonimaliza. Watu walilipia kunyamazishiwa wazazi wao, wakaipeleka CD nyumbani, wakapika chai, wakasema video imetoka safi.

Nilipotulia kidogo nikamkumbuka yule mpiga video wa Sirisia. Nakala imefutwa, lakini kaseti ndogo ya kamera je? Nilifunga cherehani, nikateremka Bungoma mapema, nikafika Sirisia kabla ya jua kuwa kali. Pale sokoni nikauliza yule wa video. Walicheka. Yule aliachana na video zamani, siku hizi anauza miche ya nyanya na vitunguu. Nikaelekezwa nyuma ya soko, nikamkuta ameinama juu ya kitalu chake na kopo lenye matundu, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, kofia imefifia rangi.

Nilipomweleza shida yangu hakushangaa. Alimalizia kumwagilia mstari wake kwanza.

"Watu hunikumbuka mtu akikufa," akasema, kwa ulimi wake unaogeuza l kuwa r. "Akiwa hai hakuna mtu anatafuta kaseti. Ni nani arikufa kwenu?"

"Baba. Mwalimu. Naitiri."

Aliingia ndani akatoka na debe la mafuta la bati lenye kifuniko. Humo ndimo zilimokaa kaseti zake ndogo, zimepangwa safu safu, na katikati ameweka vipande vya makaa ili vinyonye unyevu. Kila kaseti ilikuwa na karatasi, lakini hazikuandikwa majina ya watu. Alisema majina hufanana, ukiandika mwalimu utapata walimu ishirini. Yeye aliandika alichokumbuka. Akapekua na kidole, akisoma kwa sauti: mahema ya kijani, bibi harusi alianguka. Ng'ombe wawili, stima ilipotea. Akasimama kwenye moja akaniinulia.

"Mwarimu, ng'ombe mwekundu, mvua kidogo. Si ndiyo?"

Ng'ombe alikuwa mwekundu. Mvua ilinyesha kidogo, vikombe vikaingia maji. Nilitaka kumkumbatia yule mzee hapo hapo katikati ya miche. Nikanyoosha mkono. Akairudisha kifuani.

"Hii siachi," akasema. "Nimesikia yare vijana wanafanya huko Kitare. Mimi nitakuja nayo mwenyewe, nitatoka nayo mwenyewe. Na bira kamera yangu hiyo kaseti haisemi, hakuna mashine ingine inakura hiyo."

Kesho yake tulikuwa Matisi, sisi watatu kwenye chumba cha mapazia yangu. Mzee alikuwa amefunga kamera kwa sweta la mtoto. Fundi wa kompyuta alimpokea kwa heshima zote, akamwita mzee, akamletea soda. Mimi hakuniletea. Mzee wa Sirisia alifungua kamera, akachovya kitambaa laini kwenye spiriti, akasafisha ile sehemu inayosoma kaseti, taratibu kama mtu anayemtoa mtoto tongotongo. Kisha akatazama ukutani, akaona zile waya mbili kwenye msumari.

"Na hizi?"

"Ni za sauti, mzee."

"Mbona zimenyongwa?"

Fundi akaanza tena hadithi ya wateja wanaopenda wimbo. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Kijana, picha ni ya kuonyesha nani arikura. Kire kirisemwa kiko kwa hiyo waya." Fundi akazitoa kwenye msumari mwenyewe, akazipangusa vumbi kwa shati lake, akaziingiza.

Kaseti ikaanza. Kwanza mvumo, kisha watoto wanapiga kelele, kisha kwaya yetu halisi, ile ya sauti za kukwaruza. Tulingoja. Kaseti hairuki, saa nzima tuliwatazama watu wakila. Halafu baba akasimama, akapuliza kipaza sauti mara mbili, na safari hii nikasikia puu, puu. Akasalimia wageni. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa na kikohozi kidogo kabla ya kila sentensi. Miaka yote nimemkumbuka baba bila kikohozi, na sasa nilimlilia baba kwa sababu ya kikohozi.

Alishukuru kanisa, akashukuru walimu. Hapo kamera ikamwacha. Ikageuka, ikaanza kupita kwenye meza za wageni.

"Mbona umemtoa?" nikauliza.

"Hotuba ikianza mimi hugeuza," mzee akasema. "Mtu akiongea ni mdomo tu. Wageni wakikosa kujiona wataniuriza. Sauti iko, usiogope."

Na kweli sauti ilikuwako. Baba alikohoa. "Huyu binti yangu mnamwona amerudi. Msiseme amefukuzwa. Amerudi kwao. Kutoka ua wa mkonge mpaka mtoni, hapo ni kwake na watoto wake. Nimesema mbele yenu nikiwa na akili zangu, na sijalewa." Watu wakacheka kwa sababu baba hakuwahi kulewa. Kila neno lilikuwako. Niliruka kutoka kwenye kiti, nikampiga yule mzee begani, nikampiga hata fundi wa kompyuta begani.

Kisha nikatazama picha.

Kamera ilikuwa imefika kwa wanawake waliokuwa wakipakua, pale kando ya hema la kwanza, hatua chache tu kutoka kwa baba. Mama alikuwa mbele yao, na mwiko mkononi. Baba aliposema "huyu binti yangu", mama aliacha kupakua. Alisikiliza, kichwa amekiinamisha upande kama anavyofanya akisikiliza redio. Baba alipofika kwenye neno "mtoni", mama akainua mwiko juu na kupiga vigelegele, virefu, vya kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, na mchuzi ukamchuruzika mkononi. Nilikuwa nimeiona picha hiyo kwenye CD ya kwanza. Pale juu ya wimbo nilidhani anacheza.

Fundi na mzee walikuwa wamekwisha kusikia habari ya mama aliyekuwa jikoni, maana nilikuwa nimeirudia kwa kila mtu kama wimbo. Fundi akakohoa.

"Fundi, hapa kwa mama naweza weka ua la waridi. Ua moja kubwa, lifunike hapo tu. Ama nirudishe picha ya mzee akiwa amesimama. Sauti inabaki vile iko. Wazee wanataka tu sauti, si ndiyo?"

Lilikuwa jambo jema. Nimeliwaza mara nyingi tangu siku ile na sioni kosa lolote ndani yake. Ningepata shamba, na mama angebaki na heshima yake. Yule mtu niliyemwita mwuaji alifikiria hadhi ya mama yangu kabla yangu. Lakini nilikuwa nawaka. Nilikuwa nimezunguka wiki nzima nikimtetea mama kwa kila aliyeniuliza, maskini alikuwa jikoni, na kumbe mama alikaa mbele ya wazee akanikana, mimi niliyetoka tumboni mwake. Nilitaka aone. Nilitaka wote wamwone.

"Acha hivyo hivyo," nikasema. "Usiguse kitu."

Jumamosi tulikutana Naitiri, kwa kaka yangu, kwa sababu ndiko penye televisheni. Waliitoa nje, wakaiunganisha kwenye betri ya gari, wakaiwekea shuka juu ili jua lisiingie kwenye kioo. Naibu wa chifu alileta mashine yake. Wazee walikaa kwenye viti, kaka yangu akasimama nyuma yao amekunja mikono, mama akakaa kwenye mkeka. Nilifika mapema. Nilikuwa na nusu saa nzima ya kumchukua mama kando na kumwonya. Nilimsalimia, nikakaa mbali naye.

CD ikacheza. Baba akakohoa, akasema maneno yake, na mama akainua mwiko. Mzee mkubwa akaomba irudiwe. Ikarudiwa, vigelegele vikalia tena uani. Mke wa kaka yangu alitoka jikoni kuona nani anashangilia. Kaka yangu alikuwa amekunjua mikono. Hakunitazama mimi. Alimtazama mama, na sikuipenda namna alivyomtazama.

"Mama," mzee akasema, "huyu mwenye mwiko ni nani?"

"Ni mimi."

"Ulisikia yale mwalimu alisema?"

"Mtu hupigia vigelegele kitu hajasikia?"

"Sasa mbona ulituambia ulikuwa jikoni?"

Mama alichukua muda kusimama, maana magoti yalikuwa yanamsumbua, na hakuna aliyemsaidia, hata mimi. Aliposimama akajifunga leso upya.

"Siku ya kunyoa nywele na kugawa mali, mzee wangu akiwa ametoka tu kuzikwa, ninyi mlikaa hapa hapa," akasema. "Mlipeana ng'ombe. Mkapeana baiskeli. Mkapeana koti. Mkafika kwangu, mkasema huyu mama atakula kwa kijana mkubwa. Mimi nilikuwa hapo kwa mkeka, mnanitaja kama sufuria. Hakuna mtu aliniuliza. Sasa huyu kijana aliniambia kabla mje, mayi, mama yangu, ukisema ulisikia, utaenda kula kwa huyo unamsemea. Na huyo anaishi chumba kimoja Kitale na cherehani. Ningesema nini? Sasa nimesema. Haya, niambieni ninyi wazee. Leo jioni nakula wapi?"

Wazee walewale waliokuwa na majibu ya kila kitu, nani anapata nini na nani anakwenda wapi, wakaanza kutafuta fimbo zao. Naibu wa chifu alizima mashine. Mzee mkubwa akatangaza kwa haraka kwamba maneno ya marehemu yamesikika, shamba la chini ni la binti, iandikwe hivyo. Ikaandikwa. Kaka yangu aliingia nyumbani mwake akafunga mlango, na mke wake akaja akachukua mkeka aliokuwa amekalia mama, akaukunja, akaenda nao.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia mama. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi juu ya cherehani, makali, yaliyopangwa. Nilipomfikia nikaweza kusema moja tu.

"Mayi, kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungefanya nini?" akasema. "Wewe ni wa kukasirika tu."

Alikuwa amesimama pale uani na mfuko wa plastiki mkononi, sijui aliutoa wapi, na kitenge kimoja ndani yake. Kule chini shamba langu lilikuwa limejaa mahindi ya kaka yangu, yamefika magotini, hakuna nyumba, hakuna jiko, hakuna hata jiwe la kukalia. Jioni ile nilikuwa na shamba, na sikuwa na mahali pa kumlaza mama yangu.